Kosa Langu Katika Kupanda Mitiki

Mti wa msaji, ambao wengi huuita mtiki, asili yake ni Bara Hindi, Burma na nchi za jirani. Nao ulianza kupandwa kwetu zama za utawala wa Wadachi. Mbao zake ni ngumu, wala mchwa hawazishambulii upesi. Kwa hiyo, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, niliazimia kuizungushia shule yetu mitiki mia moja.

Asubuhi tuliing'oa miche kitaluni, tukailaza kando ya njia, mizizi mitupu. Kisha nikawahutubia wazazi juu ya faida za miti, na hotuba ikawa ndefu. Tulipoanza kupanda, jua lilikuwa la utosi. Baada ya majuma matatu karibu miche yote ilikuwa imekauka. Nikamwita kijana aliyewekwa kuinywesha maji, nikamkaripia mbele ya wenzake kuwa ni mvivu. Hakujibu neno.

Hata siku moja akapita mzee aliyepata kufanya kazi ya kupanda misitu. Akaniuliza, "Mwalimu, miche hii ilikaa wapi kabla ya kupandwa?" Nilipomweleza, akatikisa kichwa. "Basi mlipanda kuni. Maji hayamfufui maiti."

Akanifundisha hivi. Mche wa mwaka mmoja, unene wa kidole, hung'olewa mvua zikianza. Shina hukatwa, yakabaki makamo ya inchi moja tu, kwa kuwa majani hupoteza maji na mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyarudisha. Mzizi mkuu huachwa inchi sita hadi nane, na vijizizi vya kando hupunguzwa. Visiki hivyo hufungwa mara moja katika gunia bichi, vikawekwa kivulini. Hutolewa kimoja kimoja, kikatiwa katika tundu lililotobolewa kwa mti uliochongwa, na udongo ukashindiliwa sana pasibaki nafasi ya hewa. Vikichipua, huachwa chipukizi moja lenye nguvu.

Kesho yake nikasimama darasani, nikamwomba radhi kijana yule; kwani nilimwaibisha mbele ya wenzake, na toba nayo ilipasa kuwa mbele yao. Mvua zilizofuata tulipanda tena, naye ndiye aliyechukua gunia bichi. Sikuhutubu. Visiki vingi vilichipua.

Walimu wenzangu, mche ukifa, tuulize kwanza mikono yetu wenyewe ilifanya nini.