Vitabu vya Biashara Mezani pa Paroko



Wapendwa taifa la Mungu, tulipokuwa seminarini tulifundishwa falsafa, taalimungu na sheria za Kanisa, lakini hatukufundishwa namna ya kuishi na mtu tunayemlipa mshahara. Tulifika parokiani tukiweza kumweleza Mtakatifu Thoma wa Akwino, ila daftari la mishahara lilitutoa jasho. Vitabu vya biashara tulivihesabu kuwa vya watu wapenda mali, tena tumewahi kuvisema vibaya mimbarini.

Mwaka jana, baada ya Misa ya pili, alitujia ofisini kijana mmoja aliyekuwa amepandishwa cheo kuwa msimamizi wa ghala. Mkononi alishika kitabu alichokinunua kwa wauza vitabu vya mitumba. Akasema, "Baba Paroko, je, ni vibaya kusoma vitabu hivi? Tangu nipewe cheo najikuta nawafokea watu niliobeba nao magunia. Sitaki kuwa hivyo." Tukamjibu upesi kwamba Biblia inamtosha. Akatuachia kitabu mezani, akaaga kwa adabu.

Usiku tulikifungua, zaidi kwa udadisi kuliko kwa unyenyekevu. Mwandishi wake, Robert Greenleaf, alikuwa Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya simu ya AT&T, na mwaka 1970 alitoa insha juu ya kiongozi aliye mtumishi. Anasema wazo hilo lilimjia aliposoma hadithi ya Hermann Hesse kuhusu mtumishi mnyenyekevu wa msafara, ambaye baadaye alitambulikana kuwa ndiye mkuu wa chama kizima. Greenleaf anampa kila kiongozi kipimo: wale unaowaongoza, je, wanakua kiutu? Na yule aliye wa mwisho kabisa, je, anafaidika, au walau haumii zaidi?

Hapo tukafunga kitabu, kwa maana wa mwisho kabisa katika parokia yetu tulimjua. Siku chache kabla tulimkuta mlinzi wetu amelala lindoni mara mbili katika juma moja, tukaagiza akatwe mshahara wa siku tatu. Hatukumwuliza neno.

Asubuhi tulimwita, tukamwuliza. Alikuwa akishinda hospitali akimwuguza mkewe, na jioni akija moja kwa moja lindoni. Jumuiya yake nzima ilijua. Wanajumuiya walikuwa wakipokezana kumpelekea mgonjwa uji. Asiyejua alikuwa paroko, ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa ikilindwa. Tulimwomba radhi, tukamrudishia fedha yake. Akasema, "Yamekwisha, Baba." Kwetu sisi hayajakwisha hata leo.

Mtu atauliza: je, Kanisa halikuwa limekwisha kuyasema hayo? Lilikuwa limeyasema. Papa Gregori Mkuu, tangu karne ya sita, alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu. Papa Leo XIII alitetea ujira wa haki katika Rerum Novarum, mwaka 1891. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alitukumbusha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Hayo yote tuliyasoma na kuyafanyia mtihani, na mtihani tukafaulu. Tulikuwa tumeyazoea kama harufu ya ubani sakristia. Ilibidi mlei mwenye kitabu cha mitumba atuulize swali lile lile kwa sauti nyingine.

Lakini tuwe waangalifu. Vipo vitabu vinavyofundisha wema kama chambo: msifu mfanyakazi ili azalishe zaidi, kumbuka jina la mteja ili arudi. Hata kitabu kizuri chaweza kusomwa hivyo. Dale Carnegie, ambaye kitabu chake cha mwaka 1936 kingali kinauzwa, alisisitiza kwamba sifa zitoke moyoni, lakini wengi walichukua tabasamu wakaacha moyo. Kwa hiyo tusomapo tujiulize: jambo hili ningelifanya hata kama lisingeniletea faida? Yesu alipowaosha mitume miguu (Yn 13), alimwosha na yule aliyekuwa karibu kumsaliti. Pale hapakuwa na faida ya kuhesabu.

Kijana yule tulimwita, tukamrudishia kitabu chake pamoja na radhi yetu. Tukamwambia asome, ila kila sura aisome akiwa na sura ya mtu mmoja wa kazini kwake moyoni. Juzi tulimwuliza hali ya ghalani. Akacheka, akasema, "Bado nafoka, Baba. Ila siku hizi narudi kuomba radhi kabla jua halijazama."

Ndugu zetu, wengi wenu mna mtu chini yenu: msaidizi wa nyumbani, kibarua wa shamba, mwuzaji dukani. Juma hili, kabla hamjamhesabia kosa lake, mwulizeni kwanza ameamkaje. Nasi tuombeeni, maana paroko naye ni mwajiri, na angali mwanafunzi.

Mungu awabariki.

Paroko wenu