Nishani nne ndani ya kopo la biskuti

Leo naomba tuziweke siasa pembeni kidogo, maana kuna jambo limenikaa kichwani.

Hapa Chang'ombe (nasema Chang'ombe ya Dodoma, si ile ya Dar, msije mkaniuliza habari za Temeke) kuna familia inataka kulijengea kaburi la babu yao. Saruji ipo, fundi yupo, na fundi anadai maneno ya kuandika. Wajukuu walishakubaliana: jina la marehemu, na chini yake "Rubani wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia". Mtaani mzee alikuwa anaitwa Mzee wa Ndege, na ushahidi wanao. Ni kopo la zamani la biskuti lenye nishani nne. Mjukuu mmoja, rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, akanipa kazi: "Wewe si ndiye mwandishi wa habari? Hebu tutafutie babu alirusha ndege gani."

Nikaanza na kilichokuwa mezani. Nishani tatu ni nyota zenye ncha sita, za rangi ya shaba, katikati zina taji na herufi za Mfalme George wa Sita. Moja ni nyota ya 1939-45, ya pili ni ya Afrika, ya tatu ni ya Burma. Ya nne ni ya duara, rangi ya fedha, na upande mmoja ina simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Hiyo ndiyo nishani ya vita ya 1939-1945.

Ushahidi wa wajukuu ulikuwa kwenye utepe wa nyota ya Afrika. Utepe huo una rangi ya mchanga wa jangwa, mstari mwekundu katikati, na pembeni mistari miwili myembamba, mmoja bluu iliyokoza na mwingine bluu ya anga. Kuna mtu aliwaambia bluu ya anga maana yake jeshi la anga. Hilo ni kweli kabisa. Ila bluu iliyokoza ni wanamaji, na nyekundu ni jeshi la nchi kavu. Utepe ulikuwa mmoja kwa wote. Aliyetembea kwa miguu na aliyeruka angani walivaa uleule.

Si kwamba Tanganyika haikutoa rubani. Yule Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Shell pale Dar es Salaam. Mwaka 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Septemba 1940 akaanguka na ndege katika jangwa la Afrika Kaskazini, akaumia vibaya, akapona, na Aprili 1941 alikuwa anapigana katika anga ya Ugiriki na Kikosi namba 80. Huyo huhitaji nishani ili umjue. Kasimulia mwenyewe katika kitabu chake Going Solo, kilichotoka 1986.

Babu wa Chang'ombe hakuandika kitabu. Na hapa ndipo ugumu ulipo, wadau. Nishani ambazo Waingereza waliwapa askari wao baada ya Vita ya Kwanza zilichongwa ukingoni namba, jina na kikosi cha mwenyewe. Zile nyota za Vita ya Pili kwa kawaida hazikuchongwa jina la mtu. Nimezigeuza zote, nyuma ni tupu. Nishani kama hizi zinakuonyesha njia, hazikuonyeshi mtu.

Basi tuifuate njia. Nyota ya Afrika haikutolewa kwa vita vya Misri na Libya peke yake. Waliopigana Abisinia na Somalia kati ya Juni 1940 na Novemba 1941 waliipata pia, na huko ndiko walikokuwa askari wetu wa KAR. Batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika. Mei 1941, pale Colito, Sajenti Nigel Leakey wa batalioni hiyo alivivamia vifaru vya Waitaliano kwa miguu, akauawa, akatunukiwa Victoria Cross.

Nyota ya Burma nayo inatupeleka 1944, kwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ndani yake kulikuwa na batalioni za Tanganyika, ya 26 na ya 36. Waliteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, wakiwasukuma Wajapani, hadi wakafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba.

Chini kabisa ya kopo kulikuwa na beji ndogo. Si mabawa ya rubani. Ni baragumu, alama ya KAR.

Nikauliza: sasa hilo jina la Mzee wa Ndege lilitoka wapi? Wajukuu wakatazamana. Aliyejibu ni bibi, binti wa marehemu, ambaye muda wote alikuwa anamenya karanga pale pembeni.

"Mjukuu wangu, nani kakwambia baba aliendesha ndege? Ndege ndiyo iliyomlisha."

Akasimulia alivyosikia kwa baba yake: tope hadi magotini, magari yamekwama, watu wana njaa, halafu mngurumo, na magunia yanadondoka kutoka mawinguni. Nimelifuatilia hilo. Katika bonde lile barabara zilikuwa tope tupu, na divisheni ile ilitegemea ndege za Dakota kuwadondoshea chakula. Bibi anasema hadi uzeeni, ndege ikipita kuelekea uwanja wa Dodoma, mzee alisimamisha jembe na kutazama juu mpaka ipotee.

Rafiki yangu alinyong'onyea. "Kwa hiyo alikuwa askari wa kawaida tu?"

Hilo neno "tu" ndilo limenikaa kichwani. Mwaka 2019 zilianikwa nyaraka zinazoonyesha kwamba vita ilipokwisha, Mwingereza alilipa kiinua mgongo kwa kufuata rangi ya ngozi: askari mzungu aliweza kupata hadi mara tatu ya askari Mwafrika wa cheo kilekile. Nadhani ndiyo maana wajukuu wanataka rubani. Waliomtuma babu vitani walimpunguza, na sisi tunamwongezea cheo ili afidiwe. Lakini mtu aliyetoka nchi kame kama yetu akapigana kwenye matope ya Burma, kisha akarudi kulima uwele, anahitaji kuongezewa nini?

Bibi ndiye aliyekata shauri. Fundi ameambiwa aandike jina, na chini yake: "Askari. Abisinia na Burma."

Wadau, kama kwenu kuna kopo au sanduku la namna hii, chukua karatasi leo. Andika jina kamili la mwenye nishani, kijiji chake, na yale aliyoyasimulia, kisha ifungie humohumo na nishani. Mwulize bibi yako kwanza, kabla hujaniuliza mimi.

Haya, tukutane wiki ijayo.