Umepiga Picha Marangu, Old Moshi Je?

Vijana wa mjini tukipata wikiendi ni kule kule: Marangu kwenye maporomoko, au Materuni kutwanga kahawa na watalii. Sikatai, ni kuzuri. Ila mwenzenu kwetu ni Old Moshi, na kila nikiwaambia washikaji twende, jibu ni moja: "Kule kuna nini?"

Haya, sikilizeni. Huu mji mnaotamba nao ulizaliwa kule. Moshi yenyewe ilikuwa juu mlimani, kwa Mangi Rindi, hadi reli ya kutoka Tanga ilipofika huku chini mwaka 1911 na biashara zikaifuata. Jina nalo likateremka, wa juu tukabaki na "Old". Eti wazee!

Unapanda gari Kiboriloni, barabara inajikunja mpaka tumbo linalalamika, halafu baridi inakupokea. Migomba, kahawa chini yake, na mifereji waliyochimba mababu bila injinia wala ramani. Ukifika Kidia unakuta kanisa la Walutheri. Huko ndiko alikohudumu mmisionari Bruno Gutmann hadi 1938, Mjerumani aliyeandika mavitabu juu ya mila za Wachagga. Anatushinda sisi wa kizazi cha simu, jamani!

Lakini mimi mgeni wangu nampeleka Tsudunyi. Pale, Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtoto wa Rindi, pamoja na viongozi wengine. Huyu ndiye aliyewatandika mwaka 1892 mpaka wakaukimbia mlima. Walipomaliza, wazee wanasimulia, wakamkata kichwa kikapelekwa Ujerumani. Leo pana sanamu yake: kichwa na mabega tu.

Bibi yangu haipendi ile sanamu. Zamani Mchagga akishazikwa, baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa, likawekwa kwenye masale ndani ya kihamba chake, awe karibu na wanawe. Sasa Meli wataweka nini? "Wametuletea cha kuchonga," bibi husema. "Chenyewe kiko wapi?"

Mjukuu wa Meli, Mzee Isaria Meli, alikidai kwa miongo kadhaa. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilioanisha mafuvu yaliyokuwa Berlin na koo za huku kwetu: moja na ukoo wa Akida, aliyekuwa mshauri wa Meli, jingine na ukoo wa Mangi Molelia wa Kibosho. La Meli halikuonekana.

Habari hiyo nilimsomea bibi kwenye simu, tukiwa tunamenya ndizi. Nilidhani atalia kwa ajili ya Meli. Wapi! Akaniuliza, "Na huyo Akida anarudi lini?" Nikakosa jibu, akaendelea kumenya.

Jumamosi napanda tena. Anayetaka anikute Kiboriloni asubuhi, na aje na sweta, maana sina la kuazimisha.