Magunia Matatu Chini ya Mjakaranda

Neno urejelezaji nililitamka hadharani kwa mara ya kwanza mbele ya gwaride la Jumatatu asubuhi, nao wanafunzi wapatao 800 wakanitazama kana kwamba nimetaja jina la maradhi. Ulikuwa muhula wa pili wa mwaka 2022. Nilikuwa nimehitimu shahada ya kwanza, sina ajira ya kudumu, na bodi ya usimamizi ya shule moja ya msingi ya umma viungani mwa Nakuru ilikuwa imenipa vipindi vya Kiswahili kwa malipo ambayo staha hainiruhusu kuyataja hapa.

Msomaji mpendwa, sisi tuliozamia lugha hii twajua kuwa neno hilo limezalika kihalali kabisa kutokana na rejea, kama lilivyozalika lile marejeleo linalotukosesha usingizi tunapoandika tasnifu. Wapo wanaopendelea uchakataji, ingawa mimi naona kuwa hilo ni pana mno, kwani hata korosho na madini huchakatwa. Wengine husema kutumia tena, ilhali chupa iliyotiwa mafuta ya taa imetumiwa tena bila ya kurejelezwa. Hoja hizi zote nilizipanga kichwani usiku kucha. Gwaride lilipotawanyika, watoto walikuwa tayari wamekibatiza chama changu kwa jina lao: Chama cha Chupa. Nami nikanyamaza, kwa kuwa mwenye lugha ni mzungumzaji.

Kilichonisukuma ni moshi. Nyuma ya madarasa palikuwa na shimo la taka, na kila Ijumaa alasiri mwalimu wa zamu aliamuru lichomwe. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa nchini tarehe 28 Agosti 2017 ilikuwa imeipunguza kweli mifuko hiyo. Hata hivyo, chupa za soda na maji, karatasi za peremende na vikombe vya maziwa lala vilikuwa vingali vimejaa tele. Upepo ulipovuma kutoka upande wa Menengai, moshi mweusi uliingia moja kwa moja katika darasa la Gredi ya 4, watoto wakawa wanasoma silabi kwa kukohoa. Aidha, mwezi Julai mwaka huo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ilikuwa imetiwa saini, nayo inadai taka zitenganishwe palepale zinapozalishwa. Nilimpelekea mwalimu mkuu hoja hiyo ya kisheria. Aliniuliza swali moja tu: "Itagharimu nini?" Nikamjibu: magunia matatu na beseni moja.

Tuliyatundika magunia hayo chini ya mjakaranda ulio karibu na lango. La kwanza lilikuwa la chupa, la pili la karatasi, la tatu la maganda na mabaki ya githeri yaliyokusudiwa kuwa mboji ya bustani. Karatasi hazikutukosesha furaha: uchaguzi mkuu ulikuwa unakaribia, na watoto walileta mabango ya wagombeaji kwa mafungu bila ya kubagua chama chochote. Kazi ngumu ilikuwa ya chupa. Mnunuzi alizitaka zikiwa zimepondwa, hazina maji wala vizibo, kwa sababu kizibo huundwa kwa plastiki ya aina nyingine na huharibu mchanganyiko vikiyeyushwa pamoja. Isitoshe, chupa tupu ni nyepesi ajabu. Kilo moja hudai chupa za nusu lita zipatazo 50.

Ndipo msichana mmoja wa Gredi ya 6 alipojitokeza. Alikuwa mpole, mwenye mwandiko mzuri, na hakuwa amewahi kuinua mkono katika kipindi changu. Alipoona tunahangaika kuvitenga vipande vilivyochanganyika, alilijaza beseni maji, akavitumbukiza vyote, kisha akarudi nyuma hatua moja. Vipande vya vizibo vikaelea. Vya chupa vikazama. Watoto wakashangilia, nami nikashangilia pamoja nao, nikamteua papo hapo kuwa kiongozi wa chama. Sikujiuliza alikojifunzia.

Wenzake walijiuliza. Wiki iliyofuata nilimsikia mvulana mmoja akimwita chokora. Tunalichukulia neno hili kuwa jina la watoto wa mitaani tu, nasi huwa hatukumbuki kuwa lina uhusiano na kitenzi kuchokora, yaani kudukua kwa kitu chenye ncha ili kukitoa kilichojificha. Nilimwadhibu mvulana yule kwa kumpa insha ya kuandika juu ya heshima. Adhabu hiyo haikufaa kitu. Msichana hakuja chamani siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Shule zilifungwa mwanzoni mwa Agosti kwa ajili ya uchaguzi. Kabla ya kufunga tulikuwa tumeuza kilo 38 kwa shilingi 15 kila kilo, jumla shilingi 570, na mwalimu mkuu akazitangaza katika gwaride kama aliyepokea ruzuku ya serikali. Tulipofungua tena, mama mmoja alinisubiri langoni pamoja na mkokoteni. Alivaa buti za mpira na leso iliyofungwa vizuri. Alinisalimu kwa adabu, akauliza kama mimi ndiye mwalimu wa chupa.

"Ndimi, mama. Karibu."

"Mwalimu, sikuja kugombana. Kila Jumamosi bawabu alikuwa akiniruhusu niingie pale shimoni kabla halijachomwa lote. Chupa za hapa ndizo zilizokuwa zikimlipia mtoto wangu pesa za githeri. Sasa nakuta majivu na maganda."

Nilimuuliza mtoto wake ni nani ilhali nilikuwa nimekwisha kujua.

Sikuwa na jibu. Katika mpango wangu wote nilikuwa nimefikiria moshi, mboji, sheria na istilahi. Shimo lile nililiona kuwa ni uchafu usio na mwenyewe, kumbe lilikuwa shamba la mtu. Watu wa aina yake wapo Gioto, jaa kuu la Nakuru, na wapo Dandora kule Nairobi. Nilikuwa nimewapita mara nyingi nikiwa garini, dirisha limefungwa. Wao walikuwa wakirejeleza taka kabla sijalijua neno lenyewe.

Nilipendekeza mbele ya bodi kwamba wanafunzi waendelee kutenga taka, lakini chupa zote achukue mama yule, shule ibaki na karatasi na mboji. Mjumbe mmoja alitaka kujua shule itapata faida gani. Nilimweleza kuwa itapata darasa lisilo na moshi. Alikuna kidevu, akasema hilo halimo katika kitabu cha hesabu. Mjadala ulichukua karibu saa mbili, na pendekezo likapita kwa shingo upande, kwa sharti kwamba mama asije wakati wa masomo. Sharti hilo liliniuma. Nililikubali.

Niliondoka mwaka 2023 kuja kusomea shahada ya uzamili. Mwaka 2025 nilipita pale. Magunia yalikuwa yamebaki mawili, maana mnunuzi wa karatasi aliacha kuja na panya wakalimaliza la tatu. Shimo halichomwi tena kila Ijumaa, ila mara mojamoja. Mama bado huja na mkokoteni wake jioni, watoto wakishakwenda nyumbani. Binti yake alikuwa Gredi ya 9, katika ua uo huo, nami nilimwona kwa mbali uwanjani akicheza kandanda. Nilimuuliza mwalimu aliyerithi Chama cha Chupa iwapo amewahi kurudi.

"Hajawahi," akanijibu. "Lakini wadogo wote wanajua ile kazi ya beseni. Hawajui tu aliyeileta."