Taa ya Injini na Jina la Dereva



Katika kazi za mikono hapa seminarini, sisi mafrateri wanne wa falsafa tumepangiwa kutunza magari. Mojawapo ni gari dogo la petroli la mwaka 2003, la silinda nne, ambalo hupeleka wagonjwa hospitali na kuleta mahitaji ya jikoni. Kwa miezi kadhaa taa ya cheki injini iliwaka, ikazimwa, na baada ya siku tatu ikawaka tena. Gari likisimama kwenye foleni, injini ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Gereji moja ya mjini ilibadilisha sensa ya oksijeni na plagi. Fedha ikatoka, ugonjwa ukabaki palepale.

Ndipo maneno yakaanza. Ikasemwa uani kwamba dereva anauza petroli na kujazia mafuta ya taa. Ni mtu wa makamo, mwenye familia, na kibarua chake kinategemea kuaminiwa. Hakuna aliyemwita na kumuuliza. Alitazamwa tu kwa jicho la pembeni. Kuanzia hapo, kutafuta ubovu wa gari kukawa pia ni kutafuta haki ya mtu.

Mashine ya kupimia ilitoa namba P0171. Maana yake ni kwamba katika mchanganyiko unaoingia kwenye injini hewa imezidi na petroli imepungua. Kilo 1 ya petroli huhitaji hewa kilo 14.7 hivi ili iungue sawasawa. Sensa iliyo kwenye bomba la moshi haioni petroli. Hupima oksijeni iliyobaki baada ya kuungua. Ikiikuta nyingi, kompyuta ya gari huongeza petroli. Ikiongeza mpaka ikafika kikomo chake, huwasha taa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 2, anatofautisha namna mbili za kuthibitisha jambo. Ya kwanza, quia, huanzia kwenye matokeo na kuonyesha kwamba jambo lipo. Ya pili, propter quid, huanzia kwenye chanzo na kueleza kwa nini liko hivyo. P0171 ni quia tupu. Kumbadilisha mtoa taarifa, yaani sensa, kwa sababu imelalamika, ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga filimbi.

Basi kila chanzo kinachowezekana tulikiuliza: kama ni wewe, tutegemee kuona nini? Pampu dhaifu au filta ya mafuta iliyoziba hujidhihirisha zaidi gari likipanda mlima, petroli inapohitajika kwa wingi. Sensa ya kupima hewa ikichafuka, mara nyingi nayo hukosea zaidi injini inapovuta hewa nyingi. Bomba la moshi likitoboka kabla ya sensa, hewa ya nje huingia na kuidanganya. Lakini mpira wa hewa uliopasuka karibu na injini husumbua zaidi injini inapounguruma taratibu. Wakati huo hewa inayoingia kwa njia halali ni kidogo, na ile ya kwenye ufa ni sehemu kubwa. Ukikanyaga mafuta, ufa ni uleule, ila hewa halali imeongezeka sana, na kasoro hufifia.

Tukakaa na mashine. Gari likiwa limesimama, kompyuta iliongeza petroli kwa asilimia 24. Tulipopandisha mzunguko wa injini hadi 2,500 kwa dakika, nyongeza ilishuka hadi asilimia 6. Mlimani gari lilivuta vizuri. Ushahidi huo ulielekea kwenye ufa. Petroli iliyochakachuliwa haiwi safi kwa sababu dereva amekanyaga pedali.

Fundi mmoja jirani akatusaidia kupuliza moshi taratibu kwenye njia ya hewa, injini ikiwa imezimwa. Moshi ukachomoza chini ya kona ya mpira mmoja ulio nyuma ya injini, upande ambao jicho halifiki. Ufa wenyewe haukuzidi urefu wa kucha. Mpira mpya ulikuwa wa bei ndogo kuliko sensa, tena kwa mbali. Nyongeza ya petroli ikashuka hadi asilimia 3, na hii ni wiki ya sita taa haijawaka.

Maneno ya uani nayo yalianzia kwenye jambo la kweli: gari lilikuwa na shida ya petroli. Ila kutoka hapo yaliruka moja kwa moja hadi kwenye jina la mtu, bila kupita popote katikati. Mpira hauumii ukishukiwa bure, wala pampu. Mtu huumia, na hakuna mashine ya kufuta namba aliyoandikiwa.

Padre Gambera aliposikia, alitutaka tueleze yote mbele ya jumuiya baada ya chakula cha jioni, dereva akiwepo. Tuliuweka ule mpira mezani. Dereva aliuchukua, akaukunja mpaka ufa ukafunuka, akautazama kwa muda mrefu.

"Mafrateri," akasema, "naomba huu nikamwonyeshe mama watoto."

Tukampa.