Maua ya duka la Ubelgiji na maji ya Mofwe

Hapa Ubelgiji gugu maji haliuzwi. Umoja wa Ulaya ulilitia kwenye orodha yake ya viumbe vamizi mwaka 2016, na tangu hapo ni marufuku kuliuza, kulisafirisha, hata kulikuza kwenye beseni la nyumbani. Baridi ya huku ingeliua, lakini Uhispania imehangaika nalo katika mto Guadiana tangu 2004, na sheria ni moja kwa Umoja wote.

Lakini kwenye maduka ya maua ya hapa, lantana inauzwa waziwazi: vichala vya maua madogo, katikati njano, pembeni waridi. Barafu ya Desemba huiua, na mwenye bustani hununua nyingine mwaka unaofuata.

Ndugu zangu wa Nchelenge na Kashikishi, kwetu Zambia kando ya ziwa Mweru, mnapochagua maua kwa picha za bustani za Ulaya, kumbukeni hiyo barafu. Kwetu haipo. Lantana ikishapandwa uani, ndege hula matunda yake meusi na kudondosha mbegu mashambani. Ukiikata inachipua, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Huko Mosi-oa-Tunya imevamia mpaka msitu wa kando ya maporomoko.

Mimea ya maji ndiyo inayonitia hofu zaidi. Salvinia, jani dogo la kuelea kutoka Amerika ya Kusini ambalo watu hulipenda kwa vidimbwi na matangi ya samaki, ilionekana katika ziwa Kariba mwaka 1959. Kufikia 1962 ilikuwa imefunika kilomita za mraba 1,000 hivi, zaidi ya sehemu moja ya tano ya ziwa. Sasa fikiria ziwa dogo la Mofwe kusini mwa Mweru, maji yake ya kina kifupi yaliyotulia. Mvua ikifurisha kidimbwi cha mtu, kilichomo kinaingia Mweru, kinatokea Pweto, kinashika mto Luvua hadi mto Kongo. Mvuvi wa pale ndiye atakayetoa magugu kwenye nyavu.

Huku Ulaya sheria inamsubiri muuzaji dukani. Kwetu miche mingi haipiti dukani kabisa: jirani anakukatia tawi, unachomeka. Kwa hiyo muulize yeye. Mmea huu unaota wenyewe pasipopandwa? Ndege wanakula matunda yake? Akijibu ndiyo, mshukuru na uliache tawi lake. Kwa kidimbwi, yungiyungi la kwetu linatosha na linapendeza. Kwa uzio, kuna mnyaa, ila utomvu wake usiguse macho. Na mimea ya maji unayoitoa usiitupe mtoni: ianike juani mbali na maji mpaka ikauke kabisa, kisha ichome.