Mvua za Heru Juu na Kalenda ya Kitabuni

Kuna makosa ambayo mwalimu huyafanya darasani, na kuna mengine huyafanya shambani, ambako kijiji kizima huyaona. Kosa letu lilikuwa la namna hii ya pili, nasi twalieleza ili mwenzetu ahamishwaye kwenda nchi ngeni asilirudie.

Sisi tulizaliwa pwani, upande wa Tanga. Huko tangu utoto twajua ya kuwa mwaka una mvua mbili: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kuanzia Machi hata Mei. Tulihamishiwa Heru Juu, katika vilima vya Buha karibu na Kasulu, mahali palipokuwa makao ya Mwami wa Heru. Tulifika Januari, tukakuta mahindi ya majirani yamekwisha kuwa marefu. Tukajisemea, "Hawa wamebahatisha vuli, sisi tutangoja masika yenyewe." Machi ilipoingia tukapanda pishi mbili za mahindi.

Mama mmoja mzee, jirani yetu, alipita na jembe begani. Akasimama, akatazama, akasema, "Mwalimu, mvua unayoingoja ilianza tangu Oktoba. Sasa yakaribia kuaga. Panda maharagwe, ndiyo yatakayoiwahi." Tukamshukuru kwa maneno, wala hatukumfuata. Katikati ya Mei mvua ikakatika. Mahindi yetu yalikuwa ndiyo kwanza yametoa mbelewele, kwa maana katika nchi ya baridi hukawia kukomaa. Yakakauka yangali yamesimama. Mwaka ule tukala chakula cha kununua na cha kupewa, na kapu la kwanza la maharagwe lilitoka kwa mama yule yule. Hakutukumbusha neno lake hata mara moja.

Basi tukaanza kujifunza mwaka wa Heru Juu. Hapa msimu wa mvua ni mmoja. Huanza Oktoba au Novemba, hupumzika kidogo mnamo Januari au Februari, kisha hurudi na kwisha Aprili au Mei. Mahindi hupandwa mvua ianzapo, na maharagwe ya pili hupandwa Februari na Machi. Juni hata Agosti ni kiangazi: usiku baridi huuma, mchana vumbi hutanda. Kwa mwaka mzima nchi hii hupata mvua ya kadiri ya milimeta 1,000, yaani lita 1,000 katika kila meta moja ya mraba. Lakini mwezi wa Julai huweza kupita pasipo tone.

Sababu yake ni hii. Ukanda wa mawingu ya mvua huandama jua. Jua liendapo kusini mwishoni mwa mwaka, ukanda hushuka nalo. Lirudipo kaskazini, nao hurudi. Pwani ya Tanga hupata mvua zake kubwa ukanda ushukapo na urudipo, na katikati huwa kukavu. Buha iko mbali na bahari, upande wa magharibi, na mawingu hayaiachi kwa muda mrefu kati ya safari hizo mbili.

Siku moja ya mvua kubwa ikaanguka mvua ya mawe, ikararua majani ya migomba. Mtoto mmoja akaingia darasani na punje kiganjani, akauliza, "Mwalimu, hii ndiyo theluji tuliyosoma?" Tukamjibu ya kuwa sivyo. Punje ile ni tone la maji lililoinuliwa na upepo wenye nguvu ndani ya wingu, likaganda juu, likaongezwa tabaka juu ya tabaka hata likawa zito, likaanguka. Theluji hufanyika kwa mvuke ugandao katika chembe nyepesi, nayo hushuka polepole kama pamba. Kila tupandapo meta 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Kwa hiyo vilima vyetu, ingawa vina baridi, ni vifupi mno kwa theluji. Mtu apendaye kuiona katika Tanzania na aende Kilimanjaro, wenye meta 5,895. Nako barafu yapungua: katika ile iliyopimwa mwaka 1912, sehemu 85 katika 100 zilikuwa zimetoweka mwaka 2007.

Tangu siku ile wanafunzi wetu hupima mvua kwa kopo lililonyoka na rula, wakaandika kila asubuhi. Na jioni huwauliza wazee wao walichokiona mawinguni, kwa kuwa mvua za kwanza hudanganya: hunyesha siku tatu, kisha huacha majuma mawili, na mbegu huoza au huchomwa na jua.

Ndugu walimu, kitabu cha pwani hakikusema uongo. Kilisema habari za pwani. Ufikapo nchi ngeni, kabla hujashika jembe, muulize aliyelishika hapo kabla yako. Nasi sasa, kila Oktoba, hatupandi hata tumwone mama yule akitoka na kapu lake la mbegu.